Bahari Imekwenda Wapi?

Mume wangu ni mtu wa Dodoma, tena Dodoma ya viwanja vilivyopimwa. Kwake barabara ni kitu kilichonyooka, chenye bango mwanzoni na mzunguko mwishoni. Sasa mchukue mtu huyo, mshushe kwenye boti bandarini Malindi, Unguja, jua la saa saba, umwambie nyumba ya wageni iko Kiponda, hapo hapo tu, si mbali. Mchukuzi alimkataa. Taksi aliikataa pia, na kwa hilo simlaumu, kwa sababu gari haipiti Kiponda. Akatoa simu, akafungua ramani.

"Nifuate, Mama Watoto. Dakika tano."

Watoto wenyewe tulikuwa tumewaacha kwa bibi yao. Hii ilikuwa likizo yetu ya kwanza ya watu wawili tangu tuoane, na nilikuwa nimeapa kutogombana na mtu. Nikamfuata.

Simu ili ijue ilipo lazima ione anga, na Mji Mkongwe hauna anga ya kugawa. Nyumba ni za mawe ya matumbawe, ghorofa mbili, tatu, zimebanana mpaka ukinyoosha mikono unagusa majirani wa pande zote mbili. Pengine wenyewe wameunganisha nyumba kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia, na hapo hata kale kaanga kadogo kanakwisha. Waliojenga hawakuwa wajinga: njia nyembamba huwa na kivuli karibu mchana kutwa, na walichotaka kupitisha ni watu na punda. Lakini kile kidoti cha buluu kwenye simu ya mume wangu kilichanganyikiwa. Mara tuko ndani ya msikiti, mara tuko juu ya paa la mtu, mara tumeshazama baharini, begi na vyote.

Akaiweka simu mfukoni, akatangaza kwamba sasa tutakwenda kwa alama. Alama aliyoichagua ni mlango mkubwa wa mbao wenye nakshi na misumari ya shaba. Kuchagua alama hiyo Mji Mkongwe ni sawa na kumtafuta mtu Kariakoo kwa kuambiwa kavaa viatu. Tulipita milango ya Kihindi iliyopinda juu, tukapita ya Kiarabu iliyonyooka juu, na kila mmoja aliutambua. "Huu tumeuona!" Kweli mingine tulikuwa tumeiona, kwa maana pembeni ya mmoja wao palikuwa na mzee amekaa barazani, kanzu nyeupe, kikombe cha kahawa mkononi, na kila tukipita tulimkuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Ahsante."

Tunapotea, tunazunguka, tunatokea upande mwingine tukiwa tumelowa jasho. "Karibuni tena, wanangu. Habari za matembezi?" Mume wangu anajibu nzuri, huku akiburuta begi ambalo gurudumu lake moja lilikuwa limebaki Hurumzi. Ilipofika hatua ya mzee kumuuliza kama bara mvua zimenyesha, uvumilivu wangu ukaisha. Nikamwambia tunatafuta nyumba ya wageni, nikataja jina.

Mzee akageuka, akaugonga ukuta alioegemea. "Ndiyo hii, mwanangu."

"Sasa babu, mbona hukutuambia?" mume wangu akalalamika.

"Hamkuniuliza, baba. Nikajua mwapunga upepo. Mtu na mkewe wakitembea, si vizuri kuwakatiza."

Kwetu ukipita mlango wa mtu mara mbili umebeba begi utaulizwa unatafuta nini, tena kwa sauti ya mgambo. Unguja utakaribishwa tu, na ukiendelea kupotea utakaribishwa tena, kwa adabu ile ile. Nimelifikiria sana jambo hili na bado sijajua ni heshima au ni namna ya kujiburudisha jioni.

Jioni tulikwenda Forodhani, nami ninayaruka mengi hapo. Vijana wa makachu walikuwa wakijirusha baharini kutoka ukutani, miguu juu, kichwa chini, na mume wangu akasema angekuwa na kaptula angewaonyesha. Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, aliniahidi tangu Dodoma kwamba nitaiona, kwa kuwa vitabu vya shule vilimwambia ina lifti. Sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi mwaka 2020, kwa hiyo tuliitazama kwa nje ya uzio. Kisha tukala urojo. Muuzaji aliuliza pilipili kiasi gani, mume wangu akasema, "Weka ya kiume." Yaliyofuata ni siri ya ndoa.

Kesho yake tukakutana na papasi. Hawa ni wale vijana wanaowashika wageni njiani kuwauzia ziara, na jina lao limetokana na yule mdudu, wala hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini. Mmoja alimwona mume wangu na kofia yake ya majani makavu akaanza: "Jambo! Hakuna matata! Ciao!" Mume wangu akakasirika. Kuitwa Mtaliano katika nchi yake mwenyewe! Ili kumnyamazisha, akamsalimu Kigogo: "Mbukwa!"

Kijana akatanua mikono. "Mbukwenyi, mjomba!"

Alikuwa wa Mpwapwa. Unguja nzima, na mtu aliyetakiwa kunyamazishwa katoka Mpwapwa. Baada ya hapo hatukuwa na la kufanya: ndugu ni ndugu. Tukauziwa ziara ya viungo kule Kizimbani kwa bei ya ndugu, ambayo usiku mwenye nyumba yetu alitueleza, huku akijizuia kucheka, kwamba imeipita bei ya Wataliano.

Ziara yenyewe siijutii. Niliuona mmea wa iliki, ambao matunda yake hukaa chini kabisa, karibu na udongo, wakati mimi miaka yote nikiweka iliki kwenye chai nilidhani inachumwa juu ya mti. Nikaambiwa kwamba karafuu nyingi hutoka Pemba, si Unguja. Shida ilianzia kwenye mzingefuri. Ukilipasua tunda lake, ndani mna mbegu za rangi nyekundu, na mwongozaji akanipaka midomoni. Mume wangu alishika mbegu hizo, kisha akajifuta jasho. Wakati huo alikuwa ameshavishwa kofia na tai zilizosukwa kwa majani ya mnazi, na alikataa kuzivua kwa hoja kwamba amezilipia. Ndivyo alivyoshuka kwenye daladala Darajani, uso mwekundu, tai ya makuti shingoni, mbele ya soko zima. Mama mmoja muuza mbatata alimwambia, "Hongera, bwana harusi." Akashukuru.

Sasa Jambiani. Safari ile aliipanga yeye, na katika mpango aliandika: saa nne, kuogelea. Tukapanda daladala namba 309, tukaenda kilomita 50 na ushei tumebanwa na magunia na ndoo ya samaki aliyekuwa akinitazama. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, tena tulikaa juu ya paa tukausifia. Tukafika, tukabadili nguo, mume wangu akashika taulo na lile duara la kuogelea la mwanetu, akakimbia kupita minazi.

Hapakuwa na bahari. Palikuwa na mchanga, vidimbwi, majani ya bahari, ngalawa zimelala ubavu, na huko mbali kabisa, penye mwamba, mstari mweupe wa mawimbi. Maji yalikuwa yameondoka. Mume wangu alisimama na duara lake kiunoni akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Bahari imekwenda wapi?"

Ilikuwa bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya Unguja hupwa mno na kujaa mno, na siku hizo kupwa kwenyewe huangukia mnamo saa nne asubuhi, saa ile ile ya mpango wetu. Waliokuwa wakiingoja saa hiyo kwa hamu ni kina mama wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, na kazi yake inahitaji maji yakimbie, wapate kufika kwenye vijiti na kamba zao. Walikuwa wengi, wameinama, kanga zimelowa. Mmoja alimwona mume wangu na lile duara, akaita wenzake.

"Kaka, utaogelea wapi na maji yamekupwa? Njoo ufunge mwani!"

Akaenda kufunga mwani. Alifunga mpaka mgongo ukamkatalia, kamba moja, na yule dada akaifungua yote akaifunga upya. Maji yalirudi alasiri, ya buluu, mazuri, yamejaa hadi mizizi ya minazi. Tuliyaona vizuri sana kupitia dirisha la daladala ya kurudi mjini.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kwenda Jambiani au Paje, muulize mvuvi maji yanajaa saa ngapi kabla hujauliza bei ya chumba. Kama huwezi kumuuliza mtu, panga Nungwi au Kendwa, kaskazini. Kule bahari haisafiri mbali.