Turbo ya Matiliku

Vijana wetu wa Matiliku wana mjadala mzito: Probox ifungwe turbo au supachaja ili isihemewe mlimani? Swali la kitaalamu hasa. Kila mita 1,000 unazopanda, injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu, maana hewa huwa nyepesi. Vyote viwili huisukumia injini hewa zaidi. Supachaja huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo hula sehemu ya nguvu inayoleta, na injini ikichoka nayo huchoka. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Hewa ikipungua, yaweza kuongeza kasi na kufidia pengo. Basi turbo imeshinda. Hongereni.

Ila, waheshimiwa, Matiliku iko chini kuliko Nairobi kwa mamia ya mita. Hata mkifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kinachoilemea zaidi Probox yenu si hewa. Ni abiria tisa, magunia ya maembe kwenye keria, na chujio la hewa lisilobadilishwa tangu gari litoke Japani. Nunueni chujio jipya, mshushe abiria watano. Hakuna turbo rahisi kuliko hiyo.