Tochi Isiyo na Salamu

Dereva wa kusini hasomi vibao, anasoma watu. Ukitoka Masasi kushuka Mingoyo, hujafika hata Ndanda umeshapewa taarifa zote. Lori la korosho limekuwashia taa mara mbili: trafiki yuko mbele. Dereva wa Hiace ametoa mkono dirishani akaupepea chinichini: yuko karibu kuliko unavyodhani. Bodaboda aliyepakia magunia mawili na mbuzi amekutazama kwa huruma: umeshapigwa tochi, endelea tu na safari yako kwa amani, utaambiwa huko mbele.

Mjomba wangu wa Mnero ameimudu elimu hiyo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ana Noah inayobeba watu na mizigo, leo Nachingwea, kesho Ruangwa, siku ya mnada popote penye mnada. Gari lilikuja kutoka Japani kama lilivyo, na kila akiliwasha linamsemesha Kijapani kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu zake. Mjomba humjibu, "Marahaba, mama," akaweka gia. Mafundi wanasema yule mama anakumbushia kadi ya kulipia barabara za kwao. Mjomba hana haja ya kujua. Kwake yeye gari kusema ni tabia ya gari, kama ilivyo tabia ya mkweche kutoa moshi.

Zamani kwetu hakukuwa na haja ya tochi. Mashimo yalifanya kazi hiyo usiku na mchana bila posho, na aliyeyabishia aliacha springi njiani. Lami ndiyo iliyoleta maneno. Sheria yenyewe ni nyepesi: penye makazi ya watu mwisho 50, na mabasi na malori nje ya makazi mwisho 80. Ukizidisha, faini ni shilingi 30,000. Shida ni kwamba kijiji cha kwetu hakina mahali kinapoishia. Nyumba moja, shamba la mihogo, nyumba nyingine, mikorosho, duka, mikorosho tena. Unajua bado uko kijijini ukimwona kijana aliyevaa nyeupe ameketi chini ya mmojawapo wa mikorosho hiyo.

Nilikuwa ndani ya Noah siku moja tulipomkuta. Kijana alisogea dirishani, akavua miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Za safari?"

"Nzuri. Za kazi na hili jua?"

"Tunamshukuru Mungu. Mzee, umekuja na 64."

Akageuza tochi tuone. Kweli 64, na Noah yetu pichani imekaa kama gari la kuuzwa.

"Hiyo 64 ni mimi?"

"Ni wewe, mzee."

"Si lile basi lililonipita?"

"Basi nalo lina lake, mzee. Liko pale mbele."

Tukatazama mbele. Basi lilikuwa pale, kondakta amejishika kiuno, na abiria walewale ambao bila shaka walikuwa wakimwambia dereva akanyage mafuta sasa wameshuka wanasema siku zote walijua dereva huyu hafai. Mjomba akapewa karatasi yenye namba ya malipo, akalipa kwa simu palepale, wakaagana kwa kupeana mkono. Tulipoondoka nilitegemea lawama. Aliniambia hivi: "Faini ni faini. Lakini yule kijana amelelewa."

Sasa mpeleke mtu wa namna hii Ujerumani.

Binti yake ni muuguzi, ameolewa huko Bavaria, na yeye na mumewe waliwaalika wazee wamwone mjukuu. Mjomba alikubali haraka kwa sababu yake nyingine. Huko ndiko iliko abasia ya St. Ottilien, walikotoka wamisionari Wabenediktini walioanzisha Ndanda mwaka 1906, na Mkatoliki wa Mnero aliyekua akisikia habari za mapadre wa Ndanda ana haki ya kutaka kuona kwao walikuwa wanakaaje. Akatafuta leseni ya kimataifa, mkaza mjomba akashona kitenge kipya na kilemba chake, wakafungasha korosho zilizobanguliwa kilo tano, wakapaa.

Taarifa za mwanzo zilikuja kwenye kundi la familia la WhatsApp, na zote zilikuwa za barabara. Kwamba wanaendesha upande wa kulia na hawaoni aibu. Kwamba kuna barabara kuu ambazo sehemu zake hazina ukomo wa mwendo kabisa. Wanakushauri tu usipite 130, na ukipita hakuna anayekufukuza. Mjomba alitoka kwenye barabara hiyo akiwa ameshafikia hukumu: hawa watu wameendelea mpaka wameacha tochi.

Jumapili ikafika. Binti yuko zamu, mkwe amebaki na mtoto mwenye homa, wazee wakapewa gari waende St. Ottilien kwenye misa, simu ikiwaelekeza. Gari lilikuwa jipya, na hapa pana jambo. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mtambo unaotambua ukomo wa mwendo wa mahali ulipo na kumwonya dereva akizidisha. Walipoingia kijiji cha kwanza gari likalia, ti-ti-ti. Mjomba, kwa mazoea ya miaka mingi ya kuishi na yule mama wa Kijapani, akalijibu, "Marahaba," akaendelea.

Redio nayo ilikuwa inasema. Vituo vya redio vya Ujerumani hutangaza mahali kamera za mwendo zilipo, kama kwetu wanavyotangaza vifo na kupotea kwa ng'ombe. Huenda siku hiyo walikitaja kijiji chenyewe kwa jina. Lakini ilikuwa kwa Kijerumani, na mkaza mjomba alipunguza sauti ili wasali rozari.

Kulikuwa na kibao pia. Duara jekundu, ndani 30. Mjomba anakiri alikiona. Anasema alidhani ni bei. Kwetu faini ni 30, kwao 30, akafurahi kuona wenzetu nao wamekubaliana na kiwango kilekile, na tena wanakitangaza mapema ili mtu ajipange.

Gari lilimwonya, redio ikamwonya, kibao kikamwonya. Ila magari manne aliyopishana nayo hayakuwasha taa, na kwa mjomba hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kuaminika: njia nyeupe. Hakujua kwamba Mjerumani akikuwashia taa kukutahadharisha na kamera anaweza kutozwa faini yeye, kwa kutumia taa kwa jambo lisilo lake. Pale pembeni palikuwa na nguzo nene ya kijivu ambayo mjomba aliichukulia kuwa mapambo ya kijiji. Ikametameta. Mkaza mjomba akasema radi hiyo, na mvua haipo.

Wiki mbili baadaye barua ikaja, na picha imechapishwa ndani yake. Barua ya namna hiyo huenda kwa mwenye gari, kwa hiyo ilimfikia mkwe. Ilisema gari lake lilipimwa na 40, wakatoa 3 kwa ajili ya makosa ya kipimo, zikabaki 37 mahali pa 30. Na kama si yeye aliyekuwa akiendesha, tafadhali amtaje dereva.

Msomaji, fikiria heshima ya mkwe na mkwewe, kisha fikiria fomu ya serikali inayomtaka kijana aandike jina la baba mkwe wake kwenye nafasi ya mkosaji. Mkwe yule ni Mjerumani, lakini binti alishamfunda. Aliitia barua mfukoni akaamua kulipa kimya kimya. Sidhani kama angeweza kujidai ni yeye. Mwenye gari ni kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu. Aliyepo pichani ni mzee wa Kimwera mwenye mvi, amevaa jezi ya Namungo, na mdomo uko wazi katikati ya Salamu Maria.

Binti aliikuta barua kwenye nguo za kufuliwa. Picha ikaingia kwenye kundi la familia kabla faini haijalipwa, na huko Mnero, Ruangwa na Dar es Salaam watu wakaikuza kwa vidole. Maswali ya mjomba kwa binti yalikuwa mawili. La kwanza, zile 3 walizompunguzia ni kwa heshima ya umri? Hapana, baba, wanampunguzia kila mtu. La pili, ni nani aliyemsimamisha? Hakuna. Basi aliyemwona ni nani? Hakuna, baba, ni mashine. Mjomba akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nimeshtakiwa na nguzo."

Kiasi chenyewe kilikuwa euro 30, hicho ndicho kiwango chao cha kuzidisha hadi kilomita 10 ndani ya makazi. Mjomba alipoona 30 alisema si nilisema, mpaka binti alipoibadili kwa shilingi ikapita 80,000. Na huko kiasi hicho hakihesabiwi hata kuwa faini kamili, ni ada ya kukuonya tu. Faini zenyewe zinaanzia euro 60. Mjomba akauliza sasa lile onyo la bure la gari lilikuwa la nini.

Mpwa mmoja anayesoma sana akaona amfariji. Akaandika kundini kwamba Finland faini za mwendo hufuata kipato cha mtu, na mwaka 2002 Anssi Vanjoki, mmoja wa wakubwa wa Nokia, alitozwa euro 116,000 kwa kwenda 75 kwa pikipiki mahali pa 50, ingawa baadaye zilipunguzwa. Mjomba alifikiri, akajibu kwamba kwa bei ya korosho ya msimu uliopita, Finland wangemrudishia chenji. Mpwa hakukoma. Akaleta habari ya Mwingereza Walter Arnold, aliyekamatwa Kent mwaka 1896 kwa kwenda maili 8 kwa saa mahali pa maili 2, na polisi aliyemkamata alimkimbiza kwa baiskeli. Alitozwa shilingi moja. Hii mjomba aliipenda mno. Hakujali shilingi, alijali baiskeli. "Umeona? Huyo alifuatwa na mtu."

Lakini aliyeumia zaidi na barua ile alikuwa mkaza mjomba. Kwenye picha, upande wake wa gari umewekwa mraba mweusi. Kitenge kipya, kilemba kilichofungwa kwa dakika arobaini, safari ya kwanza ya ndege, halafu serikali ya Ujerumani inampiga picha na kumfuta. Alidhani wamemwona hana maana. Binti akamweleza kwa upole kwamba ndiyo sheria yao: picha ni ushahidi dhidi ya dereva peke yake, abiria hana kosa, kwa hiyo sura yake si haki yao kuionyesha.

"Sina kosa?" mkaza mjomba akauliza. "Nani aliyemwambia aongeze mwendo tunachelewa misa?"

Akataka binti awaandikie barua kurekebisha jambo hilo, na waambatanishe picha nyingine, ya rangi. Binti alikataa.

Kwa wazazi wenzake wanaoalikwa na watoto wao ng'ambo, mjomba sasa ana somo fupi analolitoa bure pale stendi ya Nachingwea: kule 30 ni mwendo, gari likilia halikusalimii, na asiyekuamkia ndiye anayekutoza. Hata ukiishia Nairobi usijidanganye, maana kanuni zao za 2016 zinapanda kwa ngazi: ukizidisha 6 hadi 10 ni 500 ya Kenya, ukifika 16 hadi 20 ni 10,000.

Deni lililipwa na mkwe ndani ya siku saba walizompa. Mjomba hakukubali kudaiwa na mkwe, akatangaza kwamba zile korosho kilo tano si zawadi tena, ni malipo ya faini. Mkwe alikwenda dukani akaangalia bei ya korosho kwao, akarudi akasema kwa hesabu hiyo bado yeye ndiye anayedaiwa na Mnero.