Watu wa Maombi

Mjomba wangu wa Kangeta haogopi nyoka, haogopi chifu, na mti wa miraa bado anaupanda pamoja na umri wake. Anachoogopa ni leseni ya televisheni. Hofu ilianzia kwenye redio: yeye ni wa enzi za mkoloni, anakumbuka kwamba hata kusikiliza tu kulihitaji kibali, na kibali kililipiwa. Kisha binamu yetu aliye Uingereza akakitonesha kidonda. Alipiga simu kutueleza kwamba huko, tangu Septemba 1, 2016, hata asiye na televisheni anadaiwa leseni akitazama vipindi vya BBC kwa iPlayer kwenye simu yake. Mwaka 2019 ada ilikuwa pauni 154.50. Mjomba akaigeuza kuwa shilingi, akanyamaza, halafu akauliza: “Hawa si ndio waliopiga marufuku miraa yetu 2014?”

Jirani zetu wa Uganda nao walikuwa wameanza, Julai 2018, kutozwa shilingi 200 za kwao kwa siku ili waingie Facebook na WhatsApp. Kwa Mjomba njia ilikuwa imenyooka: London, Kampala, kituo kinachofuata Kangeta. Akaishonea televisheni pazia.

Ikafika jioni ya Agosti 24, 2019, usiku wa sensa. Serikali ilikuwa imeamuru baa zifungwe saa kumi na moja ili watu wakahesabiwe makwao. Amri nzuri, ila aliyeitoa hakutazama ratiba: saa moja u nusu, Liverpool na Arsenal. Wafungaji wa miraa, watu wa bodaboda, na wengine ambao sijawahi kujua wanafanya kazi gani, wote wakakumbuka kwa pamoja kwamba kwa Mjomba kuna televisheni na kwamba mimi nina bando. Simu yangu ikaunganishwa kwa waya, pazia likafunguliwa, mlango ukafungwa. Picha ilikuwa ikikwama, ikiwaacha wachezaji mguu mmoja hewani, lakini ilikwenda.

Kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni, hodi. Ni karani wa sensa, binti mpole mwenye kishikwambi mkononi na mzee wa kijiji nyuma yake. Mjomba akatoka, akasimama kizingitini kama kitasa. Majina, umri, ng'ombe, choo, yote akajibu vizuri. Ikaja orodha ya mali.

“Redio, Mzee?”

“Ipo. Mbovu.”

“Televisheni?”

“Hatuna.”

“Intaneti?”

“Hiyo ndiyo nini, binti yangu?”

Karani akatazama mwanga wa buluu uliokuwa ukichezacheza chini ya mlango. Akatazama rundo la gambuti na ndara lililoziba veranda. “Na hawa wote?”

“Watu wa maombi.”

Ilikuwa dakika ya 41. Joel Matip akaruka juu ya mabeki wa Arsenal, akapiga kichwa, na nyumba nzima ikalipuka. Kiti kikaanguka, mtu akalia jina la mama yake.

“Wamempokea Roho,” akasema Mjomba, hata hakupepesa.

Mzee wa kijiji hakuweza kujizuia. “Nani amefunga?”

Binti aligusa “ndiyo” kwenye kishikwambi, akaeleza kwa upole kwamba sensa haihusiani na kodi. Kisha akauliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote: nani atalala hapa usiku huu? Waliokuwa ndani waliposikia kwamba atakayelala hapa ndiye atakayehesabiwa hapa, nao wana kipindi kizima mbele yao, nusu yao wakatangaza kwamba wanalala. Mmoja aliomba blanketi.

Ndiyo maana nikisikia mipango ya kupanua leseni ya televisheni mpaka kwenye filamu za intaneti, kama ile iliyopendekezwa Afrika Kusini mwaka 2020, huwa namhurumia mkaguzi. Leseni ya nyumba inataka kwanza nyumba yenye mipaka. Akaunti yetu ya Netflix inalipwa na mpwa wangu aliye Nairobi, inatazamwa Kangeta, Maua na Laare, na kila ninapofikia sehemu ya mwisho naambiwa watazamaji wamezidi. Atozwe nani?

Kenya haikujisumbua kubisha hodi. Iliweka ushuru wa asilimia 15 kwenye data, ikaongeza VAT ya asilimia 16, na Januari 2021 ikaanza kuzitoza huduma za kidijitali kodi ya asilimia 1.5, ambayo mwishoni mwa 2024 ilibadilishwa kwa nyingine. Hiyo ya mwisho wanatozwa wenye huduma, lakini sijaona mwenye duka anayelipa kodi kutoka mfuko wake. Mimi ningemchagua mkaguzi. Angalau yeye ungemkaribisha uji, ukamwonyesha redio mbovu, mkaelewana.

Nilimweleza Mjomba haya yote juzi, alipoleta shilingi hamsini nimnunulie bando. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikilipa leseni?”

“Kwa namna fulani, ndiyo, Mjomba.”

Akaingia ndani. Nikasikia pazia likichanika. Alitoka ameikumbatia televisheni, akaipachika verandani, kioo kikitazama barabara ya Maua.

“Sasa aje,” akasema, akivuta kiti. “Na aje na risiti zangu.”