Patani ya Kizibao cha Karne ya 16

Kizibao cha ngozi walichovaa wanaume wa Uingereza katika karne ya 16 hakina makuu. Hakina mikono, kola yake ni fupi ya kusimama, vifungo vimepangwa kifuani na chini ya kiuno kuna pindo dogo. Kwa kukitazama tu, ni vipande vichache vilivyoshonwa pamoja. Ndiyo maana mshonaji wa leo hukimbilia kununua ngozi kwanza, akiamini patani itapatikana baadaye. Ngozi hupatikana siku hiyo hiyo. Patani ndiyo humtoa jasho.

Msaada wa kwanza hutafutwa katika vitabu vya mafundi wa zamani. Juan de Alcega alichapisha chake Madrid mwaka 1580, kikiwa na michoro ya kupanga vipande juu ya kitambaa ili kisiharibike bure. Aliwaandikia mafundi wenzake, kwa hiyo hakujisumbua kuwafundisha kushona. Mgeni wa fani hubaki akikigeuzageuza kitabu asijue bega ni lipi na kwapa ni lipi. Isitoshe, michoro hiyo ni ya kitambaa, ambacho upana wake haubadiliki. Ngozi hufuata umbo la mnyama, na ng'ombe hakuumbwa mstatili.

Wengine hugeukia picha za kuchorwa. Mwaka 1577 Cornelis Ketel alimchora baharia Martin Frobisher akiwa amesimama na bastola mkononi. Picha ya namna hiyo huonyesha vizuri urefu wa vazi na jinsi linavyokaa kifuani, lakini mgongo haumo. Mshonaji anayeitegemea peke yake hupata kizibao cha kupendeza mradi asimpe mtu kisogo.

Ushahidi wa kuaminika zaidi ni mavazi yenyewe. Meli ya kivita Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth mwaka 1545, ikaopolewa mwaka 1982, na ndani yake vikapatikana vizibao vya ngozi vya mabaharia. Nyuzi za kitani zilikuwa zimeoza, ngozi ikasalia, maana yake bahari iliifumua mishono bila kudai ujira. Hata hivyo, ngozi iliyolala chini ya maji zaidi ya miaka 400 hujikunja na kubadilika umbo, na anayeipima kama ilivyo hurithi na makunyanzi yake.

Mwaka 1985 Janet Arnold alitoa kitabu cha patani alizozichora kutokana na mavazi halisi ya miaka ya 1560 hadi 1620 hivi. Humo kizibao cha ngozi kimo, na hapo ndipo vituko hunoga. Michoro imepunguzwa mara nane. Anayeikuza mara nne hujikuta amemshonea mwanasesere. Anayeikuza sawasawa naye huduwaa, kwa sababu kizibao kile, kilichotobolewa nakshi za mioyo na nyota, kilikuwa cha kijana mdogo. Hakimpiti kifuani, ila kinamkaa barabara mwanawe wa darasa la saba, ambaye hakukiomba wala hataki kuonekana nacho.

Zimebaki patani za dukani, ambazo nyingi ni za mavazi ya maigizo. Hizo hupendelea zipu mgongoni na lastiki kiunoni, vitu ambavyo Frobisher hakuwahi kuviona.

Njia salama ni kuchukua patani ya Arnold kama msingi, kuilinganisha na vipimo vya mvaaji, kisha kushona kizibao cha majaribio kwa blanketi kuukuu, kwa sababu uzito wake hukaribia wa ngozi kuliko amerikani. Mvaaji akivae, ainame, aketi, anyanyue mikono. Kinapobana, kifumuliwe na patani irekebishwe. Ngozi iguswe mwisho. Vipande vikuu vikatwe upande wa mgongo wa mnyama, maana ngozi ya tumboni hulegea. Badala ya pini vitumike vibanio vya nguo: tundu la pini kwenye ngozi ni kama maji yaliyomwagika, halizoleki.

Kwa ufupi, patani iliyokamilika ya vazi hili hainunuliwi; hutengenezwa juu ya mwili wa atakayelivaa. Asiye na subira hiyo na ashone mkoba.