Mhadhara Mkuu Kuhusu Mlafi wa Damu

Wazee wa Suma, akina mama mlioacha kuchuma chai kwa heshima yangu, vijana wa bodaboda mliokuja kukwepa mvua: ndaga! Mimi ndiye mtaalamu. Cheti sina, maana hajapatikana wa kunitahini. Pale Tukuyu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake. Wao wana darubini, mimi nina sauti.

Mada: kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu hula hadi robo tatu ya hemoglobini yote. Huimeng'enya ikawa asidi amino, kisha, shikeni viti, hujijengea kwa sehemu ndogo tu. Zilizobaki huzitupa nje! Mjumbe wa kamati ya harusi anayejaza sahani nyama halafu anaisusa, huyo hapo. Hemu, ile sehemu ya hemoglobini inayobaki, ni sumu kwake, kwa hiyo huigandisha ikawa fuwele nyeusi. Klorokwini ilikuwa ikiivuruga kazi hiyo, hadi vimelea vikawa sugu, na mwaka 2001 Tanzania ikaivua cheo cha dawa ya kwanza.

Na nguvu? Mlafi huyu haitoi kwenye protini. Anaitoa kwenye sukari: chembe aliyoivamia hufyonza glukosi makumi ya mara zaidi kuliko chembe nzima, ikatema asidi laktiki. Mtoto mwenye malaria kali sukari yake huweza kushuka ghafla akapoteza fahamu. Hapo sifanyi mzaha.

Sasa ugunduzi wangu, ambao wazungu waliuwahi bila idhini yangu. Hemoglobini ya mtu mzima haina kabisa asidi amino iitwayo isoleusini! Kimelea hulazimika kuichota kwenye majimaji ya damu, nasi huipata kwenye maziwa, nyama na maharage. Basi natangaza: Suma yote isiguse maziwa wala maharage hadi nitakapoamuru vingine.

Naam, mama, sema.

"Tata profesa, kikiikosa hiyo kitu kinakufa?"

Hakifi, mama. Maabara zimeonyesha kwamba kikinyimwa isoleusini hupunguza mwendo na kulala. Ukikirudishia, huamka kikaendelea.

"Kwa hiyo sisi tushinde njaa, chenyewe kimelala?"

Swali zito, ila liko nje ya mada. Mwenyekiti, muda umekwisha. Bahasha ya mhadhiri iko kwa nani?