Sifa za Bi Uhaba wa Risasi

Watu wamesifu afya, wamesifu mvua, wamesifu wali wa nazi. Yuko hata aliyemsifu mbu, ati humfundisha mtu adabu ya kulala ndani ya chandarua. Mimi nasimama kumsifu mama mmoja ambaye walenga shabaha wa Marekani humtukana kila anapopita: Bi Uhaba wa Risasi. Sijatumwa wala sijalipwa. Nina deni lake tu, na dawa ya deni ni kulipa.

Kwanza tuelewane. Sisemi risasi za vita wala za majambazi; huko Bi Uhaba angekaa milele na hakuna ambaye angemlilia. Nasema habari za watu ambao Jumamosi asubuhi hupakia bunduki kwenye gari, hulipa kiingilio, kisha huenda kutoboa karatasi. Ndiyo, karatasi. Mjomba wangu wa Morogoro nilipomweleza kwa simu kwamba huku Ohio nami nimeingia katika mchezo huo, aliuliza, "Na hiyo karatasi mkishaiua mnaila?" Nikamwambia hapana, mjomba, tunahesabu matundu yake tu. Akanyamaza mpaka salio likaisha.

Sifa njema huanza na nasaba. Mama yake Bi Uhaba ni Hofu, baba yake ni Uvumi, na mkunga wake mara nyingi ni uchaguzi mkuu. Alionekana mwaka 2008, Barack Obama aliposhinda urais na watu wakanong'onezana kuwa huyu atapiga marufuku kila kitu. Akarudi mwishoni mwa 2012, Obama alipochaguliwa tena, na mwezi uliofuata watoto 20 na watu wazima 6 wakauawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Juu ya msiba ule sina mzaha. Nasema tu kilichotokea baadaye: nchi ikaanza kuzungumzia sheria, na wenye bunduki wakakimbilia madukani. Mara ya tatu ni 2020. Korona, maandamano na uchaguzi vilipopangana katika mwaka mmoja, ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki unaopitia FBI ulivuka milioni 39, kutoka milioni 28 mwaka uliotangulia. Na Remington, jina la zamani kabisa katika biashara ile, likaingia katika ufilisi Julai ya mwaka huohuo.

Ajabu ya mama huyu ni kwamba amezaliwa katika nyumba ya shibe. Njaa ya kwetu huja mvua ikikosekana. Yeye alikuja viwanda vikifanya kazi usiku na mchana, vikitoa risasi kwa mabilioni. Zilikuwepo, tena tele, ila zilikuwa chini ya vitanda vya watu. Kila mtu alinunua kwa sababu jirani yake atanunua, na jirani alinunua kwa sababu hiyohiyo.

Iliyoumia zaidi ni ile risasi ndogo, .22 Long Rifle, inayojulikana Marekani tangu 1887. Hiyo ndiyo risasi ya kumfundishia mtoto, ya kutungulia makopo, ya mzee asiyetaka kishindo. Zamani sanduku la 500 lilipatikana kwa dola 20 hivi, yaani senti nne kila moja, na mtu alizimwaga kama njugu. Kuanzia 2013, kwa miaka kama mitatu, rafu zake zilikuwa mbao tupu zenye vibandiko vya bei.

Hapo ndipo nilipotambua kipaji changu. Wenzangu hawakujua kupanga foleni. Mimi nimelelewa Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa natumwa dukani alfajiri kuwahi sukari na sabuni, naweka jiwe langu kwenye mstari na kwenda kucheza, jiwe likinisimamia kwa uaminifu. Basi nilipowaona Wamarekani watu wazima, na vikombe vyao vya kahawa, wamesimama mbele ya duka lililofungwa saa kumi na mbili asubuhi wakingoja lori, machozi ya nyumbani yalinilengalenga. Ukaja na mgao: maboksi matatu kwa mteja, basi. Wakaja na walanguzi, wa kununua alfajiri na kuuza jioni kwa bei mara tatu. Kwetu mwaka 1983 serikali iliwasaka walanguzi nyumba kwa nyumba, na watu walitupa mali vichakani usiku. Hawa wa Ohio walikaa kwenye maonyesho ya bunduki na meza zenye vitambaa, wakatoa na risiti.

Alikuwako seneta wa New York, Daniel Patrick Moynihan, aliyependekeza mwaka 1993 kodi ya asilimia 10,000 kwa aina fulani za risasi za bastola. Bunge lilimpita kama halikumwona. Kilichomshinda seneta, Hofu alikifanya kwa kiasi chake bila kupiga kura: risasi ya milimita 9, iliyokuwa chini ya senti 20, mwanzoni mwa 2021 ilivuka senti 60, na watu wakalipa wakishukuru.

Lakini sifa zake kubwa ni za ualimu. Kabla hajanijia nilikuwa nafyatua risasi 200 kila Jumamosi. Nilipiga kama anayefukuza ndege shambani: kelele nyingi, moshi, maganda yakiruka, na karatasi imetobolewa kila mahali isipokuwa katikati. Aliponipunguzia hadi 30, kundi la matundu yangu lilijikusanya ghafla. Nilichunguza sana muujiza huu. Nikagundua kwamba zile 170 nilizoziacha ndizo zilizokuwa zinakosa.

Mtu mwenye risasi thelathini huvuta pumzi. Huutazama upepo. Hupiga tano, huweka bunduki chini, hutembea hadi kwenye karatasi na kuandika kwa penseli kila moja ilikoangukia na kwa nini. Zamani nililaumu darubini, nikalaumu kiwanda. Risasi moja ikishakuwa na bei ya andazi, unaanza kushuku mkono wako mwenyewe.

Na zilipokwisha kabisa, akanifundisha somo kubwa kuliko yote: kulenga bila risasi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini hawakuwahi kuona bunduki tupu ikifundisha. Unaikagua mara mbili kwamba haina kitu, risasi zote zinakaa chumba kingine, kisha unalenga nukta ukutani na kuvuta triga taratibu. Inalia "ta!", basi. Siri iko hapo. Ukipiga risasi ya kweli, mwili unajua kishindo kinakuja. Bega linatangulia kujihami, na mtutu unainama kabla risasi haijatoka. Kishindo kikifika kinaficha ushahidi wote. Bunduki tupu haifichi. Ukiweka sarafu juu ya mtutu, ikianguka umeshtakiwa. Zile za .22 zina udhaifu kidogo, kwani pini yake hugonga ukingo na katika baadhi yake ukifyatua tupu inaumia, kwa hiyo watu hupachika ndani vile vidude vya plastiki vya kushikilia skrubu ukutani. Duka la vifaa vya ujenzi likapata wateja ambao hawakuwa na ukuta wa kutoboa.

Nilifanya mazoezi haya sebuleni majira yote ya baridi, shabaha yangu ikiwa tarehe moja kwenye kalenda. Jioni moja mke wangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Baba Neema, hiyo tarehe kumi na nne imekukosea nini?" Nikamwambia nazuia bega lisishtuke. Akasema bega langu halijawahi kushtuka likiombwa kubeba magunia.

Wengine aliwafanya mafundi. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda la shaba nyeupe hutumika tena na tena, kwa hiyo uwanjani ungewaona mabwana wenye magari makubwa wameinama kama waokota masazo ya mpunga, wakigombea maganda ya mtu ambaye hajamaliza kupiga. Vichwa waliyeyusha wenyewe kutoka kwenye mabaki ya madini ya risasi, nayo madini hayo yalikuwa na kioja chake. Desemba 2013 kiwanda cha Herculaneum, Missouri, cha mwisho nchini kuyeyusha madini ya risasi moja kwa moja kutoka kwenye mawe, kilifungwa, na Uvumi akatangaza kuwa sasa basi, risasi zimekwisha duniani. Kiswahili kina neno moja kwa madini na kwa kinachotoka mtutuni, kwa hiyo sisi tungesamehewa kuchanganya. Wao wana maneno mawili na bado walichanganya. Viwanda vikubwa vilikuwa vinatumia madini yaliyorejelewa siku zote. Kilichowashinda mafundi ni fataki. Hiyo huwezi kuipika jikoni, na 2021 iliadimika kuliko risasi yenyewe, ukabaki na ndoo ya maganda yanayong'aa kama meno ya dhahabu.

Wengine wakashuka daraja, au niseme wakapanda, wakachukua bunduki za upepo. Watu huzidharau kama kichezeo. Lakini katika Olimpiki, kwa mita 10, alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita, na kidonge kinachoitafuta kina upana wa milimita 4.5. Jamaa yangu mmoja, aliyejiita mdunguzi, alikwenda nayo gereji kwa dharau. Alitoka baada ya saa nzima bila kuongea na mtu.

Wanafunzi wake hodari kuliko wote, hata hivyo, hawakungoja uhaba. Waliuandika kwenye kanuni. Katika baiathloni ya kupokezana, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, mtu anafika akihema kutoka kwenye theluji, ana shabaha tano na risasi tano. Akikosa, amewekewa tatu za akiba, lakini lazima azipachike moja moja kwa mkono, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Zikiisha na shabaha ikabaki, anazunguka mita 150 za adhabu kwa kila iliyobaki. Hapo ndipo unaona risasi inavyoheshimiwa.

Wanyamapori nao wana neno la shukrani. Tangu sheria ya Pittman na Robertson ya 1937, risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11 unaokwenda kuhifadhi wanyama na makazi yao. Kila watu walipopagawa, mfuko ule ulivimba. Mwaka 2022 majimbo yaligawiwa zaidi ya dola bilioni moja. Paa hawakujua kwamba wanakula jasho la hofu ya uchaguzi.

Sasa Bi Uhaba ameondoka. Rafu zimejaa na bei zimeshuka. Juzi nilinunua maboksi manne, nikapiga risasi 200 kwa saa moja. Karatasi ile nimeichana na sitaki kuulizwa habari zake. Rudi, mama, darasa limeharibika. Ila ukija tafadhali nijulishe wiki moja kabla, nipate kununua maboksi mawili matatu ya akiba.