Ukimpangisha Gogogo Chumba

Anza na rula, kwa sababu wengi hukosea hapa kabla hata hawajanunua tangi la kioo. Ziwa Nyasa lina kambare wa kila namna, na wengi wao hawafai sebuleni. Kambare mumi wa majaruba ya mpunga ya Kyela hufika mita moja na kupita, huvuta hewa ya juu, na usiku wa mvua huweza kutoka majini akajiburuta hadi dimbwi jingine. Mpangaji huyo atakuhamisha wewe. Kampango, kama jirani zetu wa Malawi wanavyomwita, naye hukaribia mita, tena ana familia: dume na jike hulinda kiota pamoja, na mama hutaga mayai mengine yasiyorutubishwa ili wanawe wapate kula. Mwache ziwani na watoto wake.

Anayefaa ni gogogo wa Nyasa mwenye madoadoa meusi, ambaye wanasayansi humwita Synodontis njassae. Ukoo wake umeenea sehemu kubwa ya Afrika, lakini ndani ya ziwa hili yuko peke yake. Hukua hadi sentimita 20 hivi, kwa hiyo mtafutie tangi la lita 250 au zaidi. Lile dogo la juu ya friji liwekee maua.

Sakafu iwe mchanga laini, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Sharubu ndizo macho yake ya gizani. Kokoto kali huzichubua, na mchubuko ukioza samaki hapati tena chakula. Chumba chenyewe kiko Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema, ambako akina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu. Chagua kilichomeguka mdomo, kilaze ubavu, kizike nusu. Pembeni panda valisneria, yale majani marefu kama utepe yanayoota kwenye mchanga wa ziwa lenyewe, na shina ulizungushie mawe, maana mpangaji wako ni mchimbaji.

Maji ya ziwa yana pH ya kati ya 7.7 na 8.6. Ya mvua, ambayo Kyela hatuyakosi, ni laini mno kwake. Tia mawe ya chokaa. Ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipae. Kisha liache tangi lifanye kazi wiki nne hadi sita, ukilitilia chembe za chakula, mpaka bakteria wanaomeza sumu ya kinyesi wazaliane. Ni subira ngumu, najua. Samaki akitangulia bakteria, atakufa.

Siku ya kumchukua, nilichomoa kimia changu ufukweni mbele ya mzee mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hicho kimia kirudishe mfukoni. Lete ndoo."

Alikuwa sahihi. Gogogo akiogopa husimamisha miiba ya mapezi na kuifunga kama komeo. Ikinasa kwenye nyuzi, utachana wavu au utamvunja samaki. Mzee alimkinga kwa kikombe cha plastiki, maji na yote, na kutoka humo nikasikia mkoromo mwembamba: mwiba wa pezi la kifuani unasugua tundu lake. Hiyo ndiyo sauti ya gogogo akisumbuliwa.

Sasa chakula, na hapa naomba tusikilizane. Watu humnunua samaki wa chini ili awasafishie tangi, kisha wanamwacha na mabaki. Gogogo hafagii. Anataka mlo wake mwenyewe: usipa mkavu uliosagwa, kidogo, jioni taa zikishazimwa, kwa kuwa mchana hulala. Ukiwapa wote mchana, samaki wa juu watamaliza kila punje.

Umeme ukikatika usiku, usitegemee majani. Gizani mimea nayo hutumia oksijeni ileile ya samaki, na pampu imenyamaza. Weka pampu ya betri. Ukiikosa, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, tena na tena, kila baada ya muda. Mimi hukaa kwenye kigoda na tochi niliyoivisha kitambaa chekundu, na mara nyingi ni saa hizo ndipo anapotoka chunguni, sharubu zikitangulia, akapapasa mchanga hatua kwa hatua hadi kwenye mizizi ya valisneria.